Koo la Kinanda

Kanisa la Noordermeeden lilipata ufa
siku ardhi ilipotikisika kidogo, kama mtu anayejigeuza usingizini.
Ni gesi wanayoinyonya huko chini, wakasema,
wakafunga utepe mwekundu mlangoni,
na kinanda cha mabomba kikabaki ndani, peke yake, mdomo wazi.

Roelf alikuwa amekicheza miaka thelathini na mmoja.
Hakulia. Alinunua kompyuta.

Sauti zilikuwa zimekwisha kuvunwa, bomba kwa bomba,
na vijana wawili, usiku mmoja wa Februari,
hata mbwa wa Eltjo amefungiwa jikoni asibweke.
Kinanda chote sasa kimo katika kisanduku
kisichofikia unene wa Biblia ya mama yangu.
"Pumzi ninayo, Fenna," akaniambia. "Sina koo."

Tukaenda mjini, dukani kwa kijana Jorrit.
Akatuwashia sabufa, suruali ya Roelf ikapepea.
"Mnasikia nguvu hiyo?"
"Nasikia mlango wa gari ukibamizwa," Roelf akajibu.
Debe tupu haliachi kuvuma,
hata likiuzwa euro mia tisa.

Akatuletea nyingine, nyeupe, nyembamba, safi.
Safi mno. Kila bomba limeoga,
hakuna hata moja linalopumua.
Tena zilikuwa mbili tu!
Mabomba mia tisa na kumi na mawili
kuyapitisha kwenye matundu mawili
ni kuuambia umati wa Krismasi utoke
kwa tundu la ufunguo.

Kuziba ufa hatukuweza; basi tukajenga ukuta.
Wa spika.
Nne za ukumbi wa dansi uliofungwa Winschoten,
mbili za shule, bado zina majina ya watoto kwa kalamu,
mbili za mjane wa Delfzijl aliyekataa kupunguza bei.
Filimbi juu ya rafu, tarumbeta karibu na jiko la kuni,
na kwa ajili ya besi, ile nzito ya kanyagio,
Eltjo akaranda sanduku la mbao refu kuliko yeye,
likasimama pale lilipokuwa kabati langu la sahani.
Kabati likahamia chini ya ngazi.
Mimi nikahamia jikoni.

Wiki sita akapima kwa utepe na chaki.
Nilikuwa nikiruka alama zake sakafuni
kana kwamba mtu ameuawa sebuleni kwangu.
Anacheza, anasimama, anasogeza spika upana wa kidole.
"Sivyo. Sauti inanikodolea macho.
Kule ilikuwa inapita tu, ina safari zake."

Jioni moja supu ilikuwa inapoa.
Nikasimama chini ya ngazi nikaita, "Roelf!"
na jina lake likapanda hadi darini
likashuka limezeeka kidogo.
Tukatazamana.

Tukazigeuza zote, zitupe mgongo, zitazame ngazi.
Nilishika upande mmoja wa sanduku la Eltjo; kiuno kinakumbuka hadi leo.

Akaketi. Akakanyaga noti ya chini kabisa.
Haikuanza; tulitambua tu kwamba ipo,
kama baridi inavyokuwepo.
Kisha, kwenye noti ya pili, vioo vya kabati langu vikalia: zzz.
Akaruka kutafuta kitambaa cha kuvibana.

Nikamshika mkono wa shati.
Dirisha la tatu kutoka mimbarini lilikuwa likilia vivyo hivyo
tulipomzika mama, ibada nzima,
nami nililisikiliza hilo kuliko mchungaji.
"Liache," nikasema.

Sikio halilali njaa, lakini letu
lilikuwa limeshindia makombo tangu utepe ule ufungwe.
Akacheza mpaka supu ikaganda.

Mlango ukagongwa. Eltjo, kandambili miguuni,
tochi mkononi, ameshaukagua ukuta wake wote.
"Nanyi mmelisikia tetemeko?"

Roelf akasimama, mashavu yamemwiva kama mvulana.
"Hapana, jirani," akasema.
"Ni mimi."